Ukoo wa Malkia katika Maji ya Ituri

Wapo watu katika mji wetu wa Bunia wanaoijua jamaa ya wafalme wa Uingereza kama waijuavyo jamaa ya jirani. Watakutajia nani alimwoa nani, nani alimfuata nani katika ufalme, na mtoto yupi alitangulia kuzaliwa. Malkia Elizabeth II alipofariki huko Balmoral tarehe 8 Septemba 2022, baada ya kutawala miaka 70, hawakuhitaji kuelezwa na redio kwamba mrithi ni Charles. Na Charles alipovikwa taji tarehe 6 Mei 2023, walikuwa na mengi ya kusema juu ya nani alikaa mbele na nani alikaa nyuma.

Watu wengine huwacheka. Husema: Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, ya Waingereza yatuhusu nini?

Swali hilo ni zuri, nasi twataka kulijibu kwa historia. Maana mtu wa Bunia hana haja ya kwenda London ili akutane na jamaa ile. Na ashike tu barabara iteremkayo kutoka nyanda zetu za juu mpaka Kasenyi. Atakapofika ukingoni, mahali wavuvi wanapoanika nyavu zao, atakuwa amesimama mbele ya Ziwa Albert. Basi na aulize: Albert huyo ni nani?

Wengi hudhani ni Albert mfalme wa Wabelgiji. Kosa hilo si la ajabu. Mfalme Albert wa Kwanza, aliyetawala Ubelgiji kuanzia mwaka 1909 mpaka 1934, alipewa majina mengi katika Kongo. Mji wa Kalemie uliitwa Albertville kwa ajili yake. Mbuga kubwa ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo twaiita leo Virunga, iliitwa kwanza Mbuga ya Albert kwa ajili yake pia. Lakini ziwa letu lilikuwa limekwisha kupewa jina hilo kabla mfalme huyo hajazaliwa. Albert wa ziwa ni mume wa Malkia Victoria wa Uingereza.

Aliyeliita hivyo ni msafiri Mwingereza, Samuel Baker. Yeye na mkewe Florence walifika pwani ya mashariki ya ziwa tarehe 14 Machi 1864, baada ya kucheleweshwa sana na Kamrasi, mfalme wa Bunyoro. Wenyeji walikuwa na jina lao zamani sana: Mwitanzige, yaani mwua nzige, kwa sababu, wasemavyo wazee, makundi ya nzige yakijaribu kulivuka huchoka na kuanguka majini. Baker alilisikia jina hilo, akaliandika kwa namna yake, kisha akaliweka kando. Akachagua jina la mtu aliyekwisha kufa, maana Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861, na mkewe alikuwa akimlilia bado. Jina la ziwa letu, basi, lilikuwa salamu ya rambirambi ya Mwingereza mmoja kwa Malkia wake mjane.

Tangu hapo mtindo ukashika. Speke alikuwa amekwisha kuliita ziwa kubwa la mashariki Victoria, mwaka 1858. Stanley, katika safari yake ya 1875 na 1876, alifika kwenye maji yaliyoko mashariki ya milima ya Ruwenzori, akayaita Ghuba ya Beatrice, kwa heshima ya binti mdogo kabisa wa Malkia. Baadaye jina hilo lilisahauliwa, na maji hayo yakaitwa Ziwa George, kwa jina la mjukuu wa Malkia ambaye alikuja kuwa Mfalme George V. Mwaka 1889 Stanley huyo huyo alilipa ziwa jingine jina la Albert Edward, mwana mkubwa wa Malkia. Nasi twaliita Edward tu. Na mwaka 1906 mtu wa ukoo wa mfalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alipopanda Ruwenzori, kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, alikiita Margherita, kwa jina la Malkia wa kwao. Na kile kinachokifuata alikiita Alexandra, kwa jina la mke wa Edward. Hivyo mke ameketi juu katika theluji, na mumewe yuko chini, analala katika bonde.

Sasa tazameni jinsi maji yenyewe yanavyokwenda. Maji ya Ziwa George hupita mlango wa Kazinga yakaingia Ziwa Edward. Ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, yakapita katika nchi yetu, yakaingia Ziwa Albert. Yaani maji hutoka kwa mjukuu, hupita kwa mwana, hufika kwa babu. Na huku kaskazini mto Nile, uliotoka Ziwa Victoria, huja kumwagika katika ncha ya Ziwa Albert: mke anamfuata mume, nao hutoka pamoja kuelekea Sudani. Hakuna mtu aliyekusudia mpango huo. Wasafiri walitoa majina kabla hawajajua maji yanapita wapi. Stanley alidhani kwanza kwamba ile ghuba yake ilikuwa sehemu ya Ziwa Albert. Lakini mwalimu akitaka watoto wa shule wakumbuke mkondo wa maji na vizazi vya wafalme kwa pamoja, hatapata somo jepesi kuliko hili.

Hao wasafiri ndio waliokuwa wafuasi wa kwanza wa jamaa ya Malkia katika nchi zetu. Wao pia walifuata habari za jumba la kifalme kwa shauku, na walikuwa na faida yao ndani yake. Stanley hasa atuhusu sisi wa Ituri. Mwaka 1887 alipanda mto Kongo pamoja na watu wake, wengi wao wapagazi kutoka Unguja, akaingia msitu wetu mkubwa kwa kuufuata mto ambao chini huitwa Aruwimi na huku juu huitwa Ituri. Nia yake ilikuwa kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri aliyekwama kwenye Nile ya juu. Njaa, magonjwa na mishale viliwaua watu wengi sana. Tarehe 13 Desemba 1887 walitoka katika nyanda hizi na kuliona ziwa chini yao, na mwisho wa Aprili 1888 Stanley akakutana na Emin. Wale Waunguja waliozikwa msituni hawakupewa hata kijito kimoja.

Jambo moja husahauliwa katika kisa hicho. Stanley aliyekuwa akisambaza majina ya wana wa Malkia wa Uingereza, wakati ule ule alikuwa akichukua ujumbe wa mfalme mwingine. Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amemtuma ampe Emin habari kwamba angeweza kuitumikia Dola Huru ya Kongo pamoja na jimbo lake lote. Emin hakukubali. Lakini twaona hapa wafalme wawili katika mfuko wa msafiri mmoja. Nao hawakuwa wageni wao kwa wao.

Hapa tuombe uvumilivu wa msomaji, maana itatubidi tuhesabu ukoo. Katika Ujerumani palikuwa na nchi ndogo iitwayo Saxe-Coburg. Mtawala wake, Francis, alikuwa na watoto wengi, na watatu kati yao twawahitaji. Wa kwanza ni Ernest, aliyemrithi baba yake. Wa pili ni Victoire, aliyeolewa Uingereza na kumzaa Malkia Victoria. Wa tatu ni Leopold, mdogo wao. Mwaka 1831 Wabelgiji, waliokuwa wamejitenga na Waholanzi na kukosa mfalme, walimwalika Leopold huyo aje awatawale. Akala kiapo tarehe 21 Julai 1831, akawa Leopold I.

Mtu wa Ulaya huenda akaona ajabu kwamba taifa linakwenda kuomba mfalme kwa watu wengine. Mtu wa Mahagi haoni ajabu. Waalur wajua vizuri habari za wana wa rwoth waliotakwa na majirani: watu wasiokuwa na mtawala walikwenda kwa mfalme wa Waalur wakaomba wapewe mwana mmoja, aje akae kwao, awaamulie magomvi, na mvua inyeshe. Wakoburgi walikuwa namna hiyo hiyo ya ukoo. Walitoa watawala kama wengine wanavyotoa wake.

Basi hesabu yetu ni hii. Ernest alimzaa Albert, mume wa Victoria. Kwa hiyo Victoria na Albert walikuwa watoto wa kaka na dada, na ndoa yao ingewashtua watu wengi wa Ituri, ingawa pwani wako wasioiona vibaya. Leopold I, mdogo wake Ernest, alimzaa Leopold II. Wazungu kwa lugha zao humwita Leopold II na Albert kwa jina moja tu, binamu, kisha basi. Lugha yetu ina macho zaidi. Mtoto wa baba mdogo si binamu, ni ndugu. Kwa Victoria, Leopold II alikuwa mtoto wa mjomba. Kwa Albert alikuwa ndugu mdogo. Na kwa Edward, yule wa ziwa, alikuwa baba mdogo.

Kwa hiyo Dola Huru ya Kongo ilipotangazwa mwaka 1885, na baadaye Waingereza walipoishika Uganda, ukingo mmoja wa Ziwa Albert ulikuwa wa mjane wa Albert, na ukingo wa pili ulikuwa wa ndugu yake Albert.

Tusidanganyike, hata hivyo. Kuna kosa ambalo wapenzi wa habari za kifalme hulifanya mara nyingi, nalo ni kudhani kwamba kila jambo liliamuliwa mezani pa jamaa. Mfano mkubwa ni kile kisa cha mlima Kilimanjaro. Wasema kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, mlima huo uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, na kwamba ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Kisa hicho ni kitamu, lakini si kweli. Mpaka ule ulipatanwa mwaka 1886 kati ya serikali mbili, na Wilhelm II hakuupata ukaizari mpaka mwaka 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa kaizari ni babu yake. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu mawakala wao walikuwa wametangulia kuandikiana mikataba na wakubwa wa huko, na Waingereza walijali zaidi kuishika Mombasa. Tena mwaka 1890, serikali ya Uingereza ilipowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland ili waitambue himaya ya Waingereza juu ya Unguja, Malkia Victoria hakupenda. Alimwandikia waziri wake mkuu kupinga. Mwishowe kisiwa kikatolewa. Malkia wa Uingereza alikuwa na haki ya kuonya. Kuamua kulikuwa kazi ya mawaziri.

Leopold hakuwa hivyo. Katika Ubelgiji alikuwa mfalme aliyefungwa na sheria kama Victoria, lakini katika Kongo hakuwa na bunge wala waziri wa kumzuia. Kongo ilikuwa yake kama shamba lilivyo la mwenye shamba. Kwa hiyo, tukitaka kujua ni wapi damu ya Wakoburgi iliigusa ardhi yetu kwa kweli, tusitafute katika zawadi za siku ya kuzaliwa, bali katika karatasi moja iliyotiwa sahihi tarehe 12 Mei 1894.

Karatasi hiyo ilikuwa mapatano kati ya serikali ya Uingereza na Leopold akiwa mfalme wa Dola Huru ya Kongo. Leopold alitamani sana kufika kwenye mto Nile. Waingereza nao hawakutaka Wafaransa wawatangulie huko. Basi wakamkodisha Leopold nchi iliyoko magharibi ya Nile, kuanzia Mahagi kwenda kaskazini, nchi ambayo baadaye iliitwa Lado. Na kodi yenyewe ilikuwa na muda wa ajabu: si miaka 20 wala 50, bali muda wa maisha ya Leopold. Siku atakapokufa, nchi irudi. Pamoja na hiyo akapewa ukanda wenye upana wa kilomita 25, kutoka mgawanyiko wa maji mpaka ukingo wa magharibi wa Ziwa Albert, na bandari ya Mahagi ndani yake. Ukanda huo haukufungwa na maisha yake. Ungedumu kadiri Kongo itakavyodumu mikononi mwake na mwa warithi wake.

Kwa upande wake Leopold aliwakodisha Waingereza ukanda mwingine wa kilomita 25, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Edward, ili wapate njia ya kupita kutoka kusini mpaka kaskazini. Hapo ndipo mjukuu alipokasirika. Serikali ya Kaizari Wilhelm II ilikataa kata kata, maana ukanda huo ungeizingira Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na kabla mwezi wa Juni haujaisha kipande hicho cha mapatano kikafutwa. Wafaransa pia walipinga, na Agosti mwaka huo Leopold alilazimika kuacha sehemu kubwa ya kaskazini. Katika mambo haya ya bibi, mjomba na mjukuu, udugu haukumnunulia mtu hata hekari moja.

Wala udugu haukuziba masikio. Edward alipokuwa mfalme baada ya kifo cha mama yake tarehe 22 Januari 1901, habari za mateso katika Kongo ya baba yake mdogo zilikuwa zikizidi kufika London: watu waliolazimishwa kuleta mpira, vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alisafiri mwenyewe mtoni, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904 na serikali ya Mfalme Edward. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alipokonywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Tarehe 17 Desemba 1909 akafariki.

Kifo hicho kilitokea mbali sana na sisi, lakini fikirini matokeo yake katika Ituri. Mzee mmoja afa Ulaya, na kwa sababu hiyo nchi nzima kando ya Nile yabadilishwa bendera. Juni 1910 Lado ilirudishwa kwa Waingereza wa Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Ndiyo West Nile. Ukanda wa Mahagi ulibaki Kongo, kwa kuwa katika mapatano mapya ya mwaka 1906, yaliyofuta mengi ya yale ya 1894, huo haukuguswa. Matokeo yake waweza kuyaona kwa macho: Aru iko Kongo, na Arua, iliyo karibu nayo, iko Uganda. Waalur, Walugbara na Wakakwa wako huku na huku. Mwanamke wa Mahagi aendapo kumzika shangazi yake upande wa pili, aonyesha karatasi mpakani kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa juu ya uhai wa mfalme mmoja.

Na wenye majina yaliyo juu ya maji yetu, je, walikuja kuyaona? Hapana. Albert alikuwa kaburini. Victoria hakukanyaga Afrika. Edward aliijua Misri, lakini ziwa lake hakuliona, wala George lake. Walikuja watoto wao wa baadaye. Mwaka 1925 mwana wa George V, aliyekuja kuwa George VI, alipita Uganda pamoja na mkewe wakiwinda, kisha wakateremka kwa njia ya Nile mpaka Sudani. Binti yao Elizabeth alikuwa Kenya, katika hoteli ya mtini iitwayo Treetops na nyumba ya Sagana, baba yake alipofariki tarehe 6 Februari 1952. Alifika Kenya binti wa mfalme, akaondoka malkia, akiwa na miaka 25. Tarehe 29 Aprili 1954 alikuwa Jinja kufungua bwawa la Owen Falls. Magazeti ya wakati ule yalijaa picha za vigelegele, lakini nchini Buganda furaha haikuwa kamili, maana Kabaka Mutesa II alikuwa ameondoshwa kwa nguvu na gavana tangu tarehe 30 Novemba 1953, naye alikuwa akiishi Uingereza wakati Malkia wa Uingereza akipokewa katika nchi yake. Mwaka huo huo mbuga ya wanyama iliyoko kati ya Ziwa Edward na Ziwa George ilipewa jina la Elizabeth. Kwa hesabu ya ukoo, kilembwe amewekwa kati ya babu zake.

Palikuja wakati majina haya yote yalitaka kufutwa. Katika miaka ya 1970 Ziwa Albert liliitwa katika Zaire Ziwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa kwa jina la Idi Amin Dada. Si kwamba walirudi kwenye Mwitanzige! Wafalme wa zamani waliondolewa ili wafalme wapya wakae. Ajabu nyingine ni hii: wote wawili walipenda sana kuonekana pamoja na Malkia. Amin alikula naye chakula London mwezi wa Julai 1971, kabla hajaanza kumtukana. Mobutu alikuwa mgeni wake rasmi mwezi wa Desemba 1973, na waandishi wa mambo ya jumba la kifalme hupenda kusimulia kwamba mkewe aliingiza mbwa mdogo kwa siri, ingawa sheria za Uingereza juu ya kichaa cha mbwa zilikuwa kali kabisa, na kwamba Malkia alikasirika kuliko alivyopata kuonekana. Amin alianguka mwaka 1979, Mobutu mwaka 1997. Majina yao yaliondoka pamoja nao, na Edward na Albert wakarudi mahali pao bila kuitwa na mtu.

Lakini jina ni jambo dogo; mstari ndio mzito. Mpaka unaopita katikati ya Ziwa Albert na kuufuata Semliki ulitengenezwa kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 na 1915. Waliochora mstari hawakuwa wavuvi. Juu ya maji hakuna jiwe wala mti wa kuonyesha hapa ni Kongo, pale ni Uganda, na mto Semliki wenyewe hubadili mkondo wake. Zamani hilo halikuwa na hatari kubwa. Ilipojulikana kwamba chini ya ziwa kuna mafuta, hatari ikazaliwa. Mwezi wa Agosti 2007 mtaalamu mmoja Mwingereza wa kutafuta mafuta aliuawa kwa risasi ziwani, na majeshi ya nchi mbili yakatazamana kwa ajili ya Rukwanzi, kisiwa kidogo karibu na mdomo wa Semliki, ambacho kila upande ulisema ni chake. Tarehe 8 Septemba mwaka huo marais wawili walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakapatana mipaka ichunguzwe tena. Uchunguzi huo ulianza wapi? Katika makabati, kwenye karatasi za London na Brussels. Miezi miwili baadaye, Novemba 2007, Malkia Elizabeth alifika Kampala kwa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola. Redio zilieleza habari za mapokezi na hotuba. Wavuvi wa Tchomia na Kasenyi walikuwa na habari yao nyingine: ni umbali gani mtu aweza kutega nyavu bila kukamatwa na askari wa upande wa pili, akapoteza mtumbwi na injini.

Basi tukiulizwa ya Waingereza yatuhusu nini, twaweza kujibu hivyo. Wale wa Bunia wanaohesabu harusi na mazishi ya jumba la London hawakosi, ila tungewaomba waongeze hesabu nyingine: nani alitia sahihi, mwaka gani, na juu ya nchi ya nani.

Katika miaka ya karibuni warithi wa koo hizo mbili wamekuja Afrika na kusema juu ya zamani. Mfalme Philippe wa Ubelgiji, aliyekwisha kuandika barua mwaka 2020, alifika Kongo mwezi wa Juni 2022 pamoja na Malkia Mathilde. Alisema Kinshasa kwamba ayasikitikia majeraha ya ukoloni, akaenda Lubumbashi, akafika mpaka Bukavu. Mfalme Charles alikuwa Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023, akasema kwamba ayasikitikia mabaya waliyotendewa Wakenya walipopigania uhuru. Wote wawili walisikitika kwa maneno mazito, na wote wawili hawakutamka neno la kuomba msamaha. Wengi waliwasikiliza kwa ajili ya neno hilo moja. Wote wawili watoka kwa Francis wa Coburg: Philippe ni kizazi cha sita, sawa na Elizabeth; Charles ni cha saba. Charles amemzidi Philippe miaka 11 na zaidi, lakini kwa hesabu ya kwetu Philippe ni ndugu ya mama yake. Yeye ndiye mjomba, na Charles ndiye mpwa.